Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Mwizi aliyeiba bunduki ya Mzee Thamer Sulaiti alikuwa mtu mwenye adabu zake. Alilifungua sanduku, akaitoa bunduki, akalifunga tena sanduku, akaurudisha ufunguo kwenye msumari wake, akaenda zake. Risasi hakuzigusa. Masuda Msellem alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ya uchunguzi, kumi na miwili forodhani na saba kwa wakili, na hakuwahi kukutana na mwizi wa namna hiyo. Wezi wana haraka zao. Hawakai kufunga masanduku ya watu.

Polisi walikuwa wameshampata mtu wao. Henry, mlinzi wa getini, Mganda wa Masaka, ndiye aliyekaa na funguo za nyumba nzima kibandani kwake, na daftari la funguo lilikuwa na mwandiko wake peke yake. Ijumaa Yasir, mpwa wa mzee, alikwenda nyumbani kwa mjomba wake, mtaa wa Rashidiya, kuitazama bunduki mpya, akafungua sanduku, akakuta sponji tupu. Akapiga simu polisi kabla mzee hajatia neno. Jumamosi Masuda alimwona Henry nyuma ya kioo cha kituo.

"Madam," Henry alimwambia, "mimi bunduki sijui hata kushika. Mimi nashika tochi."

Leo ilikuwa Jumapili. Kesho saa tatu asubuhi faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na katika mji huu wa Kiarabu bunduki iliyopotea si sawa na kuku aliyepotea. Likishafika huko, Henry angekaa ndani miezi bila kuulizwa neno jingine, kisha jela, kisha ndege ya Entebbe. Wakili wa Masuda, aliyemtetea Henry, alikuwa na usiku mmoja na hana hoja hata moja. Kwa hiyo Masuda alishuka kutoka ofisini, Jumeirah Lake Towers, akawasha gari na kwenda kwenye duka lililoiuza bunduki ile.

Dukani kulikuwa na baridi kama bucha. Mabata ya plastiki, yale ya kuwahadaa mabata wa kweli majini, yalipangwa rafu nzima na yote yalikuwa yanatazama mlangoni. Muuzaji aliitwa Naftali, Mkenya wa Kakamega, suti imembana na glavu nyeupe mikononi.

"Polisi walikuja?" Masuda alimuuliza.

"Walikuja, madam. Wakaandika serial number, wakachukua copy ya licence, wakaenda. Dakika tano hivi."

"Hawakuuliza mzee aliichaguaje?"

Naftali akacheka. "Sasa nani anauliza hiyo?"

"Mimi. Hebu nifanye mteja. Nataka bunduki ya kuwindia mabata, nje ya nchi, kwenye maziwa ya baridi. Niuzie."

Kazi ya mtu ukimwomba aifanye mbele yako hajizuii. Naftali alishusha bunduki mbili za marisau, zile chembe ndogo za risasi za kupigia ndege, akazilaza juu ya kioo cha kaunta.

"Hizi zote ni semi-auto. Ukifyatua, ganda linatoka, nyingine inaingia yenyewe. Bata hangojangi upakie, madam. Sasa hii ya kwanza inajipakia kwa nguvu ya teke lake yenyewe. Ni nyepesi, haijali matope wala maji, lakini inapiga bega kama punda. Hii ingine inatumia gesi ya baruti. Ni nzito kidogo, na usipoisafisha inakuchukia, lakini bega halilii. Ukiwa unapiga risasi mia kwa siku, hiyo ni kitu ya maana."

"Mzee Thamer akachukua ipi?"

"Ya gesi. Na mzee mwenyewe bega ni kama mlango! Nikasema sawa, customer ni customer. Nikampima mkono, kiwiko hadi kidole cha kufyatulia, ndio kitako cha bunduki kimkae begani. Ni mtu mrefu yule. Nikamwambia, sir, wewe tunakuongezea vipande kwa kitako. Akasema hapana, punguza. Nikapunguza. Akasema punguza tena. Mpaka nikaleta kitako kile kifupi kabisa." Naftali alitazama kulia na kushoto. "Halafu akasema anataka ya left-hand."

"Mzee Thamer ni wa mkono wa kulia."

"Si nilimwona akisaini! Madam, left-hand hatuweki hata moja hapa. Tuliagiza, tukangoja wiki tano."

"Kwani kuna tofauti gani? Si uhame bega tu?"

Naftali aliinua ile ya gesi na kuiweka bega la kulia. "Angalia huu mlango mdogo wa pembeni. Ganda linaruka huku, mbali na wewe. Sasa nikihama bega." Akaihamishia kushoto, na ule mlango mdogo ukawa mbele ya pua yake. "Umeona? Ganda moto linapita mbele ya uso. Aliyezoea hashtuki. Asiyezoea anaruka."

Masuda alimfikiria Yasir. Mpwa aliyekimbilia simu kabla ya mwenye mali alikuwa amemkaa rohoni tangu jana, kwa sababu mtu akipiga kelele za mwizi mapema mno inafaa utazame mifuko yake. "Yule mpwa wake alifika hapa?"

"Yule jamaa mkubwa? Alikuja mara moja, na akabishana na mzee hapa hapa. Ati kwa nini ananunua bunduki ya mtoto. Aliijaribu, viwiko vilitoka huko nje kama mabawa. Na ni wa kulia, huyo. Akaiweka chini akakasirika."

Basi Yasir akatoka kwenye orodha. Hakuna anayeiba bunduki isiyomwenea, na ukienda kuiuza kwa siri bunduki fupi ya mkono wa kushoto utaizungusha mji mzima bila mnunuzi.

"Ilikuwa ya nani basi?"

Naftali alivua glavu moja, kisha ya pili. Alizikunja taratibu kabla ya kujibu.

"Alileta kanzu."

"Kanzu gani?"

"Alikuja na mfuko, akatoa kanzu nyeupe, imepigwa pasi, inanukia. Akailaza hapa juu ya glass. Akakunja mkono wa kushoto wa hiyo kanzu, hivi, akasema, pima hapa. Mimi nikadhani ni mchezo. Nikamwambia, sir, leta mwenyewe tumpime vizuri. Akasema, mwenyewe hawezi kuja." Naftali alishusha sauti. "Nikapima kanzu, madam. Niliweka kitako pale kwa kiwiko, mkono wa kanzu ukalala juu ya bunduki mpaka kwa trigger. Ilikuwa ni kama mtu yuko ndani. Aki, hiyo siku sikula lunch."

Masuda alikuwa ameacha kuandika. Alijua, kama watu wote wa Rashidiya walivyojua, kwamba Humam, mtoto wa pekee wa Mzee Thamer, alizama ziwani mwaka jana katika safari ya kuwinda na babake. Alizama. Hilo ndilo neno lililosemwa matangani, na halikuongezwa jingine.

"Mzee alikwambia kilichompata huyo mwenyewe?"

"Alinieleza siku ya kuichukua. Kijana alikuwa left tangu azaliwe, na mzee hakutaka. Ati akiwa mdogo alikuwa akimchapa huo mkono. Akamnunulia bunduki ya kulia, akamwambia, mwanaume anashika hivi. Huko kwa ziwa, baba akiangalia ng'ambo, kijana akahama bega. Ganda likampita usoni, akaruka nyuma, mashua ikalala. Na alikuwa amevaa zile suruali za mpira za kufika kifuani. Zilijaa maji."

Masuda hakushangaa, na hilo lenyewe lilimuudhi. Kwao vilevile dada yake alifungwa mkono wa kushoto kwa kipande cha leso kila wakati wa chakula, miezi mitatu, mpaka akajifunza kula kama watu. Hakuna aliyeona ni ukatili. Ilikuwa ni malezi.

"Mzee alikuja peke yake?"

"Na mke wake. Anasimama tu hapo kwa mlango na buibui lake, haongei. Ile siku ya mwisho nilikuwa ninamfundisha mzee kuifungua aisafishe. Unazungusha hapa, mtutu unatoka. Huyo mama akasogea karibu. Akauliza swali moja tu: ikifunguliwa hivyo, kipande kirefu kina urefu gani? Nikamwambia sabini na kitu, sentimita. Akasema shukran, akarudi kwa mlango."

Masuda alikifunga kidaftari chake. Mabata ya plastiki yalimtazama mpaka alipotoka.

* * *

Aliyemfungulia geti Rashidiya alikuwa Dorah, mtumishi wa ndani, Mganda kama Henry. Kibanda cha mlinzi kilikuwa kitupu, na kofia ya Henry ilitundikwa kwenye kitasa cha dirisha.

"Madam, Henry anarudi?" Dorah aliuliza kabla ya salamu.

"Ukinisaidia. Wiki hii nyumba hii imebadilika nini?"

Dorah alitazama madirisha. Mwenye nyumba ndiye kafeel wake, mdhamini wake wa kisheria, na viza yake imo ndani ya mfuko wa kanzu ya mzee. Masuda alimngoja. Ndege ilipita juu ya paa ikitua, na Dorah akautumia mlio wake kusema.

"Sir, asubuhi, akimaliza kuswali, anakaa majlis, chumba cha wageni. Mimi napeleka kahawa. Tangu bunduki ifike anasema, Dorah, vikombe viwili. Napeleka viwili. Kwa mto wa pili wa kukalia ameweka bunduki, imefunikwa kanzu. Anasema, mimina vyote. Mimi namimina, madam. Nafanya nini?"

"Na sasa bunduki haipo?"

"Bado viwili. Lakini sasa anacheka. Analala mpaka saa mbili. Zamani alikuwa hapana lala."

"Na madam wako?"

"Chumba cha boss Humam mimi nilikuwa nasafisha. Alhamisi madam akasema khalas, usiingie tena. Anasafisha mwenyewe. Anafunga."

Bunduki ilionekana haipo Ijumaa. Masuda alimshukuru, akavua viatu mlangoni.

Mzee Thamer alimpokea kwa furaha ya mtu aliyekuwa akingoja mgeni yeyote. Alikuwa mrefu kweli, ndevu nyeupe zimechanwa, uso umetulia. Masuda alimwona matangani mwaka jana, mtu anashikwa mabega pande mbili asianguke. Huyu hakuwa yule.

"Binti Msellem! Babaako alikuwa jirani yetu Mkunazini, kabla hatujahamia huku, unajua hilo? Karibu mwanangu, kaa."

"Nimeshakaa, ami. Nimekuja kwa ajili ya Henry."

"Mungu atamfanyia wepesi."

"Wepesi wake uko mikononi mwako. Naomba nilione sanduku."

Mzee alisita, kisha akanyanyuka na kulitoa nyuma ya pazia. Masuda alilifungua juu ya zulia. Vifaa vya kusafishia vilikuwepo, na vile vipande vya kitako, na makopo mawili ya risasi ambayo hata utepe haujakatwa. Aliinama akanusa sponji. Bunduki mpya hunuka mafuta ya mashine. Sanduku lile lilinuka udi.

"Kanzu iko wapi, ami?"

"Kanzu gani?"

"Ya marehemu Humam. Uliizungushia bunduki humu, harufu yake hii hapa. Nimeisoma orodha ya polisi mara tatu, kanzu haimo. Hukuwaambia kwamba nayo imekwenda. Na mwizi wa bunduki, kanzu iliyovaliwa na mtu ataifanyia nini?"

Masuda alitarajia mzee akasirike. Badala yake alimwona anatabasamu, taratibu, kama mtu aliyechoka kuficha habari njema.

"Hakuna mwizi, mwanangu."

"Naam?"

"Humam kaja kuichukua bunduki yake." Aliisema kwa utulivu, mkono juu ya sanduku. "Nani mwengine? Tazama, kalifunga sanduku. Yule tangu mdogo hakuacha kitu wazi. Ufunguo karudisha pahala pake. Kavaa kanzu yake, kenda zake. Mwaka mzima, binti Msellem, kila nikifumba macho namwona ananitazama kutoka majini, hasemi. Hasemi hata neno! Tangu kaichukua, nalala. Kanisamehe."

"Na Henry, ami? Siku ya tatu leo yuko ndani."

Tabasamu likapungua. "Ningewaambia nini polisi? Mwanangu aliyekufa kaja? Wangeniona mwendawazimu. Nimemwombea Henry kila sala."

Masuda alimhurumia mzee yule. Alikuwa na jibu mkononi, na jibu lile lilikuwa la kumnyang'anya mtu kitu cha pekee alichokuwa nacho. Angeweza kuinuka, akavaa viatu, akamwambia wakili hakuna alichopata. Kisha akaikumbuka ile kofia kwenye kitasa cha dirisha.

"Bi Hala," alisema bila kugeuka. Alikuwa ameiona miguu chini ya pazia la mlango wa ndani tangu kitambo. "Ingia, mama."

Bi Hala aliingia. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na hakumtazama mumewe.

"Mwache, mwanangu," alisema. "Nakuomba. Ndo kwanza anapumua."

"Kesho saa tatu, Bi Hala. Halafu siwezi tena."

"Henry kijana. Atakaa kidogo, atatoka. Wee hukumwona huyu usiku alivyokuwa."

"Henry ana mama yake Masaka. Naye anamngoja mwanawe, na wake yu hai."

Bi Hala alifumba macho. Mzee Thamer alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine, na Masuda aliona jinsi alivyokuwa anakataa kuelewa. "Hala," alisema, "anasema nini huyu?"

Bi Hala alitoka, wakasikia ufunguo ukizunguka mwisho wa ukumbi, wakasikia mlango wa kabati. Aliporudi alikuwa amebeba kanzu nyeupe mikononi kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, na vyuma viligongana ndani yake. Chumba kizima kikanuka udi. Alipiga magoti, akauweka mzigo juu ya zulia, akaukunjua. Mtutu upande mmoja, kitako kifupi upande wa pili, na mkono wa kushoto wa kanzu umelala katikati.

"Nilikusikia," Bi Hala alimwambia mumewe. "Baada ya sala, Alhamisi. Umeilaza hapo kwenye mto wa kukalia unasema nayo. Ukamwambia Humam, ningoje baba, ntakuletea mwenyewe. Ntakuletea mwenyewe, Thamer! Maiti hupelekewa kitu kwa njia ngapi, kama si kumfuata? Nikaifungua alivyoonesha yule kijana dukani, nikaitia kabatini nyuma ya kanzu zake. Nikasema ntakwambia kesho. Kesho yake ukalikuta sanduku tupu, ukacheka. Mwaka mzima hujacheka. Ningekwambiaje?"

"Ulifunga sanduku," mzee alisema.

"Nilifunga."

"Na ufunguo."

"Nikarudisha."

Mzee Thamer aliugusa ule mkono wa kanzu, akaunyoosha mkunjo mmoja, akaunyoosha tena. Ndege nyingine ilipita juu ya paa na vikombe vikatikisika juu ya sinia.

"Basi hakuja," alisema.

Bi Hala alianza kulia. Masuda alieleza kwa sauti ndogo mambo ya sheria: bunduki iliyomo ndani ya nyumba ya mwenye leseni haijaibiwa, ila lazima mwenyewe aende kituoni, leo, kwa mdomo wake. Bunduki ibaki ilipo, polisi watakuja kuiona. Mtu mwingine akisema, hata wakili, hayatatosha. Na usiku huu mzee asiachwe peke yake, wala kesho, wala keshokutwa.

"Nimesikia," Bi Hala alisema.

Mzee alikuwa ameshasimama. Alikuwa anatafuta viatu vyake.

* * *

Kituoni walifika kabla ya magharibi. Afisa wa zamu alikuwa kijana wa umri wa Humam, mwenye haraka ya kwenda kuswali. Bi Hala alikaa karibu na mumewe, bega kwa bega, na Masuda alisimama nyuma yao na simu mkononi, wakili akisikiliza upande wa pili.

"Ukitia sahihi hapa, arbab, bwana wangu, yule mlinzi anatoka leo," afisa alisema kwa Kiarabu. "Maswali machache tu. Bunduki iko wapi?"

"Nyumbani. Haikutoka nyumbani."

"Ni yako?"

"Leseni yangu. Nilimnunulia mwanangu." Mzee alivuta pumzi, kisha akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, hata watu kwenye benchi wakageuka. "Mwanangu ni wa mkono wa kushoto."

Afisa hakuona umuhimu wa kuliandika hilo. "Nani aliyeitoa sandukuni?"

Mzee Thamer aligeuka akautazama mlango. Ulikuwa mlango wa kioo, na nje jua lilikuwa limeshuka, hapana mtu. Aliutazama kwa muda mrefu hata afisa akainua kichwa.

"Si yeye," mzee alisema.

"Nani si yeye?"

Bi Hala alimshika mkono. Mzee aliurudisha uso mezani.

"Mama yake," alisema. "Ni mama yake aliyeitoa."

Afisa aliandika maneno hayo ya mwisho tu, akamgeuzia karatasi, akampa kalamu.